Sikulia Gisozi: je, nina moyo wa jiwe?

SWALI

Mshauri, mimi ni mama, mwalimu wa sekondari, Kahama. Mwezi wa sita kwaya yetu ilialikwa Kigali, na siku ya pili wenyeji wetu wakatupeleka kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari, pale Gisozi. Tulikuwa watu 34. Wenzangu walilia sana, wawili wakatolewa nje wakishikiliwa mikono. Mimi sikutoa hata chozi. Nilisoma kila kibao kama mtu anayesahihisha mitihani, nikatoka, nikapiga picha bustanini. Kwenye basi mwenzangu mmoja akasema kwa sauti, "Mwalimu ana moyo wa jiwe," watu wakacheka. Nilinyamaza.

Wiki mbili baadaye, siku ya Jumamosi, nilikuwa kibandani namnunulia binti yangu wa miaka 12 chipsi mayai. Muuzaji alipomimina mayai kwenye kikaango nikaanza kulia, nikalia mpaka watu wakaniletea kiti. Sasa ni siku kumi, usingizi wangu umekuwa wa kukatikakatika. Nina tatizo gani? Halafu kwaya inarudi mwakani na binti yangu anaomba twende naye. Nimruhusu?

JIBU

Mwalimu, pole sana. Na pole ya pili ni ya lile neno la kwenye basi, maana naona umelibeba kuliko hata ulivyoyabeba makumbusho yenyewe.

Tuanzie kibandani. Ghorofa ya juu pale Gisozi kuna vyumba vya watoto. Picha zake ni kubwa, na zilitolewa na ndugu waliobaki. Chini ya kila picha kuna kibao kifupi: jina, umri, mchezo alioupenda, chakula alichokipenda, rafiki yake, na mstari wa mwisho unaeleza alivyouawa. Kimoja ni cha binti wa miaka 12. Alipenda kuogelea. Chakula alichokipenda ni mayai na chipsi. Kinywaji, maziwa na Fanta. Rafiki yake mkubwa ni dada yake. Aliuawa kwa panga.

Umesema ulisoma kila kibao, kwa hiyo na hicho ulikisoma. Nawe una binti wa umri huohuo, na Jumamosi yake ni sahani hiyohiyo. Ulipokisoma hukuwa na nafasi ya kukipokea, ukakitia mfukoni pamoja na vingine ukaendelea na safu. Kikakaa humo wiki mbili, mpaka muuzaji alipovunja mayai. Angekuwa na moyo wa jiwe, mwanamke wa namna hiyo angelipa pesa yake, akafungiwa chipsi zake, akaenda nyumbani.

Sasa, kwa nini siku ile ulikauka? Watu wengi hudhani huzuni ina sura moja, ile ya machozi, na asiye nayo hana huzuni. Katika kazi hii nimesindikiza vikundi kadhaa Gisozi, na kama ningeambiwa nitaje jambo linalowapata watu wengi mle ndani, nisingetaja kulia. Ningetaja kuduwaa. Mwili ukikutana na jambo lililouzidi kimo hujiokoa kwa njia uliyoizoea. Nimemwona mzee mmoja, mtu wa heshima zake, ametoka kwenye chumba cha mifupa akaniuliza choo kiko wapi. Nikamwonyesha. Akaniuliza tena. Mara ya tatu nilimshika mkono nikampeleka, kumbe hakuwa na haja ya choo hata kidogo. Wengine hushikwa na njaa ya ghafla, wengine hupiga miayo. Na wako wanaocheka. Mkunazini, Unguja, kwenye vile vyumba vya chini ambako wageni huonyeshwa walivyolundikwa watumwa, niliwahi kukuta wanafunzi wanachekeana wakiwa wameinama kwa ufupi wa dari, na mwalimu wao anawatishia fimbo. Nilitamani nimwambie awaache kwanza. Mtoto aliyeogopa na hajui auweke wapi woga wake hucheka.

Wewe hukucheka wala hukuuliza choo. Ulisahihisha mitihani. Mwalimu aliyezoea kukaa na rundo la karatasi usiku, akiumwa kichwa, akiwa na msiba, akiwa hana mshahara, ana mahali pa kujishikiza: anasoma mstari, anamaliza, anageuza ukurasa. Ulijishikiza hapo. Wauguzi hufanya hivyohivyo, na askari pia. Wengi wao hawalii siku ya kwanza.

Kuna na suala la hesabu, ambalo nyumba ile haiwezi kulikwepa. Gisozi peke yake wamezikwa watu takriban 250,000. Nchi nzima, kwa hesabu ya serikali ya Rwanda, waliouawa wamepita 1,000,000, katika siku zipatazo 100 kuanzia tarehe 7 Aprili 1994. Ukigawanya unapata kama 10,000 kwa siku. Haya, umegawanya, umeona nini? Umeona kugawanya. Moyo hauna chombo cha kubebea namba hizo.

Marekani, mwaka 2007, watafiti watatu, Deborah Small, George Loewenstein na Paul Slovic, walichapisha jaribio ambalo sisi washauri hulirejea sana. Watu walilipwa dola 5 kwa kujaza dodoso, kisha wakaambiwa wanaweza kuchangia sehemu ya pesa hizo kwa ajili ya njaa Afrika. Walioonyeshwa picha na habari za mtoto mmoja, msichana wa Mali wa miaka 7, walitoa wastani wa dola 2.38. Waliopewa takwimu za mamilioni ya wenye njaa walitoa dola 1.14. Kilichoshangaza ni kundi la tatu, waliopewa mtoto na takwimu kwa pamoja: walitoa dola 1.43. Yaani takwimu zilimfunika hata yule mtoto aliyekuwa mbele ya macho yao.

Kwa hiyo ulipokauka mbele ya namba ulikuwa kama binadamu wenzako. Nadhani hata waliopanga makumbusho yale walilijua hilo. Yalifunguliwa Aprili 2004, mwaka wa 10 wa kumbukumbu, na jiji la Kigali likishirikiana na shirika la Aegis Trust la Uingereza. Chini unaanza na historia: vitambulisho vya kabila vilivyoletwa na Wabelgiji miaka ya 1930, redio ya RTLM iliyowaita Watutsi mende, ile simu ya maandishi ya Jenerali Dallaire, kamanda wa askari wa Umoja wa Mataifa Rwanda, ya tarehe 11 Januari 1994 iliyoonya makao makuu New York kwamba mauaji yanapangwa. Hapo mtu anasoma kwa akili. Kisha unaingia vyumba vile vitatu: picha za familia zimebanwa kwa vibanio kwenye nyaya, watu wa harusini, wa mahafali, mtoto kwenye beseni, kisha mifupa, kisha nguo. Ukija kupanda juu kwa watoto, umeshachoka, ulinzi wako umelegea, na hapo ndipo unapoambiwa chakula ambacho mtu alikipenda. Mimi hukiona chumba kile ni kikali kuliko cha mifupa. Mifupa yote inafanana. Chipsi mayai ni za mtu.

Sasa nikwambie yangu, kwa sababu sitaki udhani nakuandikia nikiwa nimekaa upande wa salama.

Mwaka 1994 nilikuwa darasa la tano, Ngara. Tarehe 28 na 29 Aprili wakimbizi wa Rwanda walivuka daraja la Rusumo, pale mpakani, kwa wingi ambao mtoto hawezi kuusimulia. Baadaye nilikuja kusoma kwamba walikuwa kama 250,000 katika muda wa siku moja hivi. Sisi tuliona barabara imegeuka watu. Magodoro, masufuria, mbuzi, vikongwe kwenye mabaiskeli. Kambi yao ya Benaco ikawa mji. Mama alinituma na ndizi nikabadilishe kwa maharage ya mgao, na huko nikapata rafiki, mvulana wa rika langu. Kuelewana hakukuwa na shida, Kihangaza chetu na Kinyarwanda ni ndugu. Nilimpenda yule kijana. Alikuwa na kipaji cha kutengeneza mpira kwa mifuko ya nailoni, ukidunda kabisa.

Nilipoingia Gisozi mara ya kwanza nilikuwa mtu mzima, nina shahada, nimefundishwa jinsi ya kukaa na majonzi ya watu. Nikasimama kwenye chumba cha picha za nyaya. Kufikia hapo nilikuwa nimeshajua nini kiliwaleta watu wale Rusumo: wengi walikuwa wakikimbia vita wakati RPF, jeshi la waasi lililokuja kuyakomesha mauaji, likisonga mbele, na miongoni mwao walikuwamo waliotoka kuua. Badala ya kuwahuzunikia waliokuwa mbele yangu ukutani, nikajikuta namuuliza rafiki yangu wa Benaco kichwani: baba yako alifanya nini? Sikuweza kuiondoa sauti ile. Nilitoka nje nikiwa nimekasirika, na hasira yenyewe sikujua naielekeza wapi, kwa baba nisiyemjua, kwa mtoto asiye na kosa, au kwa maharage niliyoyala. Machozi hayakuwepo. Mpaka leo sijui baba yule alikuwa nani; huenda alikuwa mkulima tu aliyekimbia risasi kama wengine wengi. Nimerudi Gisozi mara tatu nne tangu hapo, na hasira ile hunisubiri palepale kwenye nyaya.

Nakusimulia haya kwa sababu sisi majirani hatuingii mle kama watalii wanaotoka mbali. Mto Kagera ulibeba miili ukaishusha Ziwa Victoria. Upande wa Uganda wavuvi na wanavijiji waliopoa zaidi ya miili 10,000, na makaburi yao yapo hadi leo Kasensero, Lambu na Ggolo. Mahakama ya kimataifa ya kesi za Rwanda ilikaa kwetu Arusha mpaka mwisho wa mwaka 2015. Hapohapo Arusha, tarehe 2 Septemba 1998, Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba huko Rwanda, akawa mtu wa kwanza kutiwa hatiani na mahakama ya kimataifa kwa kosa la mauaji ya kimbari. Kabla ya umeya unajua alikuwa nani? Mwalimu, kisha mkaguzi wa shule.

Sikulitaja hilo kukutisha. Nalitaja kwa sababu nina shaka kwamba kuna kitu kingine ulikisoma kwenye ukuta wa chini ukakitia mfukoni. Kabla ya 1994 walikuwepo walimu waliosimamisha watoto darasani kwa kabila: Watutsi simameni, Wahutu simameni, niwahesabu. Mwalimu akisoma habari hiyo haisomi kama daktari wa meno anavyoisoma. Wewe umewahi kusimamisha wanafunzi mara ngapi? Wasiolipa mchango, wasio na sare, wa dini hii na dini ile kwa ajili ya kipindi. Huna hatia. Lakini mkono wako unalijua tendo lenyewe, na kujua huko kunaweza kumfanya mtu akakaza uso kuliko picha yoyote. Jiulize taratibu. Ikiwa siyo, niache nimekosea.

Kuhusu wenzako waliolia. Wasione kwamba nawakosoa. Kwetu kulia kwa sauti msibani ni heshima, na anayefika amekauka husengenywa, huo ndio utamaduni uliomsemesha yule wa kwenye basi. Ila Gisozi ni msiba wa watu wengine, na kila msiba una wenyewe. Wanyarwanda wana usemi kwamba machozi ya mwanamume hutiririka kuelekea tumboni, na kwa jumla ni watu wa kujizuia mbele ya mgeni. Wana na neno lao la jeraha hili, ihahamuka, lenye picha ya mtu aliyekatika pumzi. Wakati wa kumbukumbu za Aprili, zile wanazoziita Kwibuka, hutokea mtu katikati ya halaiki akapiga ukelele kama anayewaona wauaji wanakuja, na wasaidizi waliofunzwa humwinua na kumpeleka pembeni akapumzike. Miaka 30 imepita na bado hutokea.

Nimeona pia jambo lililonitia aibu. Mgeni amelia mpaka amekaa sakafuni, na aliyemletea maji ni mtembezaji wa pale ambaye, nilikuja kujua, alipoteza wazazi na ndugu zake wote. Mfiwa akawa anamhani mgeni. Hakulalamika, alisema tu "pole" na akasubiri. Kwa hiyo ukiniuliza nani kati ya watu 34 alikosea adabu pale, nitakwambia hakuna. Aliyesoma kila kibao mpaka mwisho naye alihani. Ndugu wa yule binti walikaa wakakumbuka, wakachagua maneno machache ya kumweleza mtoto wao, ili mgeni asimame ayasome. Wewe ulisimama ukayasoma.

Sasa usingizi. Siku kumi si nyingi. Kukatikakatika kwa usingizi, picha kurudi bila kuitwa, kushtuka kwa vitu vidogo, hayo huwapata watu wengi baada ya mahali kama pale na kwa kawaida hupungua yenyewe wiki hadi wiki. Nakuomba ufanye mambo machache. Tafuta mtu mmoja unayemwamini, mumeo au dada yako, umsimulie kile kibao chote, kuanzia kuogelea mpaka panga, mara moja, bila kuruka. Usimsimulie "tulikwenda makumbusho", msimulie binti. Kama huna wa kumsimulia, andika kwa mkono. Kisha acha kutafuta video za Rwanda kwenye simu usiku. Najua unatafuta, karibu wote wanaoniandikia hutafuta, wakidhani wakielewa zaidi watalala. Hawalali.

Na kibandani urudi, Jumamosi hii, usingoje ijayo. Nenda na binti. Ukikiepuka kile kibanda leo, mwezi ujao utaepuka mtaa wake, na binti ataanza kushangaa kwa nini mama hapiti pale. Machozi yakija, yaje. Muuzaji ameshayaona, atakuletea kiti tena. Mwambie binti kwa maneno mafupi kwamba uliona picha ya mtoto wa umri wake aliyependa chakula hiki na kwamba alifariki, na ulihuzunika. Yanatosha kwa sasa. Watoto huumia zaidi na kilio kisicho na maelezo.

Ukipita mwezi mzima na bado unaota, unashtuka, unakwepa, au kazi imeanza kukushinda, usiendelee kusoma majibu ya watu kama mimi. Nenda kitengo cha afya ya akili hospitali ya rufaa ya mkoa, waeleze kama ulivyonieleza. Pia nenda mapema kama kuna msiba wako mwenyewe ambao haukupata kuzikwa vizuri moyoni. Makumbusho yana tabia hiyo: mtu huingia kwa msiba wa jirani, akatoka na wake.

Binti sasa. Hapa nitasema moja kwa moja: mwakani atakuwa na miaka 13, na mimi nisingempandisha ghorofa ile. Ataona mtoto wa rika lake ukutani, kwa sahani yake, na hatakuwa na miaka 40 ya maisha ya kumkinga. Kuna watakaokwambia watoto wa Rwanda hufundishwa habari hizi. Ni kweli, lakini wanafundishwa nyumbani kwao, na watu wao, kidogokidogo kwa miaka, siyo kwa saa mbili kati ya kifungua kinywa na mazoezi ya kwaya. Kama lazima aende, akae nawe bustanini na kwenye makaburi, akuulize anachotaka. Akifika miaka 16 na bado anataka, mpeleke, mwende wawili tu. Na mkisikia kwaya inataka kwenda Nyamata au Murambi, hapo hata watu wazima wapewe nafasi ya kukataa. Nyamata ni kanisa, nguo za waliouawa zimerundikwa juu ya mabenchi. Murambi ni shule, na humo imo miili yenyewe iliyohifadhiwa kwa chokaa. Sehemu hizo pamoja na Gisozi na Bisesero ziliingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO Septemba 2023, kwa hiyo safari za vikundi zitazidi, na viongozi wa safari wetu, Mungu awasamehe, huzipanga kati ya soko na chakula cha mchana.

Kwa kuwa wewe unaheshimika kwenye kwaya, shika upangaji wa mwakani. Siku ya Gisozi isiwe na jambo lingine baada yake, hasa kuimba harusini. Waambie kabla kwamba mtu anaweza kuruka chumba chochote na asiulizwe. Mtu mmoja mwenye moyo mtulivu akae nje kwenye benchi tangu mwanzo, kazi yake kungoja tu. Na waonywe mapema kuhusu ulimi. Sisi kwetu "wewe kabila gani?" ni salamu, tunamuuliza hata kondakta. Rwanda usimuulize mtu swali hilo, wala mtembezaji wa makumbusho usimuulize alinusurikaje. Akitaka atasema. Nilikuwepo siku mzee mmoja wa msafara wetu alipouliza yote mawili kwa mfululizo, kwa nia njema kabisa, huku anatabasamu. Yule dada alijibu la pili kwa sentensi moja, akageuka akatuonyesha chumba kinachofuata. Nilitamani sakafu inimeze.

Kuhusu yule aliyekucheka kwenye basi, sioni haja ya kikao. Siku mkiwa wawili mwambie ulichoniambia mimi, kuhusu kibanda. Nina hisia naye ana lake. Wanaotoa utani kwenye basi linalotoka Gisozi mara nyingi ndio waliokuwa wanatafuta choo.

Mkirudi, kabla ya kutoka, shukeni kwenye makaburi. Utayakumbuka, yale mabamba mapana ya zege yenye maua juu yake. Karibu nayo kuna ukuta wa majina, ambao bado haujakamilika. Wenzako waache wasimame wanavyotaka, anayelia alie. Wewe nenda kwenye ukuta, uanze juu kushoto, usome majina kwa sauti ya chini kama unavyoita mahudhurio asubuhi. Kinyarwanda kitakupiga chenga kwenye matamshi, usijali, soma polepole. Dakika kumi zinatosha, basi litakusubiri.